Besera na pangaboi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka sita na mdogo mitatu. Miezi minne iliyopita mimi na baba watoto tulihamia Upanga, ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Vyumba viwili na sebule. Tulikotoka tuliishi na vitu vya kuazima, kwa hiyo hapa tumeingia na magodoro mawili, friji, jiko na televisheni. Tumedunduliza milioni nne na nusu za kununulia samani.

Mwezi uliopita nilikwenda Unguja kwenye harusi ya rafiki yangu. Tukalazwa nyumba moja ya Mji Mkongwe, kitanda cha besera, ile fremu ya juu inayobebwa na nguzo nne, chandarua cheupe kimeshuka pande zote, mchagoni kuna vioo vilivyochorwa maua. Shangazi, nililala kama binti wa Sultani. Tangu siku hiyo sitaki kusikia habari ya kitanda kingine.

Asubuhi yake nikaingia duka la vitu vya kale. Muuzaji anacho kitanda karibu sawa na kile, anasema kina miaka mia mbili, kilikuwa cha ukoo wa kitajiri. Bei 2,600,000. Ana sanduku kubwa lililopigwa misumari ya shaba, 900,000. Ana viti viwili vyeusi vya enzi vyenye nakshi nyeupe, 1,400,000 vyote viwili. Nikivichukua vyote atanipunguzia, na ataniongezea ubao mmoja wa mlango wa kuchonga niuegemeze ukutani uwe pambo la sebule. Nimeshamwachia laki mbili asiviuze.

Baba watoto hataki. Yeye anataka kitanda cha sita kwa sita chenye kichwa cha sponji, na kochi la kona kama la kaka yake. Vitu vyangu anaviita "mitumba ya marehemu". Mama mkwe naye kasikia, akanipigia: kitanda cha mtu usiyemjua, unalala hujui unalala na nani. Mimi siamini mambo hayo, lakini tangu aseme, kila nikikifikiria kitanda nayafikiria na maneno yake.

Sitaki nyumba inayofanana na ya kila mtu, na sitaki kuonekana mjinga. Chumba chetu ni futi kumi kwa kumi na mbili. Nimalizie hela, au nikadai laki mbili zangu?

Kwa marehemu babu, Tanga, kuna meza na kabati la vyombo vya zamani pia, ila ni vya kawaida tu. Wajomba wameviweka stoo, kuku wanalala juu yake.

Mpenda Vya Kale, Upanga

*

Marahaba mwanangu.

Laki mbili tutazifikia. Umenipa upana na urefu wa chumba, na wengi wanaoniandikia hata hilo hulisahau. Lakini hukunipa kimo cha dari, wala hukuniambia kama kuna pangaboi. Nyumba nyingi za Upanga zinalo, katikati kabisa ya chumba cha kulala. Sasa chukua futi kamba, pima kutoka sakafuni hadi kwenye mapanga yake. Kisha mpigie muuzaji akupimie nguzo ya kitanda, kuanzia chini ya tendegu hadi ncha ya kile kirembo cha juu. Nguzo ikiwa futi saba na mapanga yako futi saba na nusu, umenunua ugomvi. Upepo hautashuka vizuri, chandarua kitapepea kuelekea mapangani, na usiku wa kwanza wa joto la Januari mtalizima pangaboi mlale mnatiririka jasho ndani ya uzuri wenu.

Kile kitanda ulicholalia Unguja kilitengenezewa chumba cha namna nyingine. Vyumba vya nyumba za mawe za Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba kwa sababu dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki mbali, mita tatu hivi basi. Chumba kikabanwa upana, kikaachiwa urefu na kimo. Dari iko juu sana, kuta ni nene, joto linapanda linakuacha. Kitanda kikawekwa mwisho wa chumba, kirefu kwenda juu, na besera ikawa na kazi yake: kushika chandarua. Kule kila kitu kilikuwa mahali pake, ndiyo maana ulilala vizuri. Ulichokipenda ni chumba kizima, na chumba hakiuzwi.

Kwa sakafu ya futi kumi kwa kumi na mbili kitanda kitaenea, sikatai. Lakini kuna jambo la godoro. Vitanda vya zamani havijui tano kwa sita wala sita kwa sita. Fundi alikipima kwa mtu aliyemwagiza, na godoro lilishonwa baadaye, la sufi au la pamba, kwa kipimo cha kitanda. Nimeshaona cha futi nne na inchi nane, na kingine kimezidi tano kwa inchi tatu tu. Utanunua godoro jipya, utampelekea mtu alikate kwa kisu, na shuka zako zote zitakuwa kubwa au ndogo. Na mumeo ana kimo gani? Kitanda chenye kitakizo kirefu miguuni hakimruhusu mtu mrefu anyooshe miguu nje kama anavyofanya kwenye kitanda cha kisasa. Kabla ya kumwita mbishi, mpime.

Hiyo miaka mia mbili nayo mimi siinunui. Seyyid Said, Sultani wa Oman, alihamia Unguja katika miaka ya 1830 na 1840, na sehemu kubwa ya majumba ya mawe unayoyaona Mji Mkongwe yalijengwa tangu hapo mpaka mwisho wa karne ya 19. Kitanda kinachodaiwa kuwa na miaka mia mbili kimetangulia karibu kila nyumba iliyo jirani nacho. Inawezekana, lakini anayesema hivyo awe na zaidi ya mdomo. Kinaweza kuwa cha miaka ya 1920, au cha mwaka jana. Mafundi wa Unguja hawajaacha kutengeneza vitanda na masanduku ya mtindo huo, na wanatengeneza vizuri sana. Kipya kinachouzwa kama kipya hakina aibu yoyote. Aibu ni ya anayekipaka rangi ya viatu na majani ya chai, akakianika juani wiki mbili, kisha akakizushia ukoo.

Namna ya kukipima ni kukitazama kule ambako hakikutengenezwa kitazamwe. Lala chini na tochi. Angalia upande wa ndani wa mfumbati, ule ubao mrefu wa ubavuni. Ukiona michirizi iliyopinda kama upinde, ni msumeno wa duara wa mashine. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka, isiyolingana. Angalia skrubu. Zile zinazofunguliwa kwa bisibisi ya nyota zilianza kutumika katika miaka ya 1930, huko Marekani; ukizikuta kila mahali, na mashimo yake hayana dalili kwamba zimebadilishwa, hadithi ya mia mbili imekwisha. Halafu gusa. Mbao iliyotumika vizazi viwili huchakaa pale mikono na miguu inapopita: ukingo wa mfumbati mtu anapokaa kuvaa viatu, nguzo ya upande wa mlango mtu anapojishikilia akiamka. Kikiwa kimechakaa sawasawa kila upande, kimechakazwa na msasa.

Kuhusu viti vya enzi, jibu langu ni hapana, kwa sababu mbili. Kwanza ile nakshi nyeupe. Viti vya namna hiyo, vya Lamu, Pate na Siyu, vilitengenezwa kwa mpingo na kutiwa mifupa au pembe za ndovu. Mfupa ukiutazama kwa kioo cha kukuzia una vitone na vimifereji vidogo vya njia za damu. Pembe ni laini, na pale ilipokatwa kwa upana huonyesha mistari inayopishana kama nyavu. Ikiwa ni pembe, weka pochi yako mfukoni. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989 na CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na huku Bara, kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, kukutwa na nyara bila kibali ni kosa. Hutaki kuanza kueleza historia ya sanaa ya Waswahili mbele ya askari wa bandarini. Usikubali pia muuzaji akujaribie kwa sindano ya moto, anaharibu kitu na hathibitishi chochote.

Sababu ya pili ni makalio. Kiti cha enzi ni kiti cha heshima, mgongo umesimama wima, anakalishwa mgeni mkubwa kwa muda wa kahawa na maneno machache. Mimi ninacho kimoja, cha mifupa, nilikinunua nikiwa na akili kama zako. Miaka kumi na moja sasa, anayekikalia ni paka.

Ubao wa mlango usiuguse. Mlango wa kuchonga ni kiungo cha nyumba. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na milango ni moja ya mambo yanayoufanya uwe ulivyo. Kwa upande wa Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja milango ya kuchonga miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Ukiuona ubao mmoja umeegemezwa dukani, jiulize mwenzake uko wapi, na nyumba gani sasa imezibwa kwa bati.

Tumebaki na sanduku, na hapa nakuunga mkono. Masanduku yale mengi yaliletwa na majahazi kutoka India, Surat na Bombay, na baadaye yakatengenezwa hapa pwani. Yalibeba nguo, dhahabu, hati na udi wa bibi arusi. Sanduku halihitaji dari ndefu. Linakaa chini ya dirisha au mbele ya kochi, linahifadhi mashuka na mablanketi, na nyumba ya vyumba viwili yenye watoto wawili haina kitu inachokililia kama pa kuhifadhia. Fungua, angalia ndani kama kuna kidroo cha pembeni. Mengi yana sehemu ya siri chini yake, na muuzaji anayelijua sanduku lake atakuonyesha. Inama unuse. Harufu ya kafuri na udi ni salama, ya ukungu si salama. Vuta kichwa cha msumari mmoja wa shaba kwa kucha: vya zamani havilingani kwa ukubwa na vimezama kwenye mbao, vya juzi viko sare kama vifungo vya shati.

Mfuniko wake ni mzito, na wewe una mtoto wa miaka mitatu. Siku litakapoingia ndani, kabla hata ya kulifuta vumbi, fundi aweke mnyororo wa kuuzuia usianguke wenyewe, na ile komeo ya kujifunga yenyewe ing'olewe ihifadhiwe. Mtoto akiingia kujificha asikute limemfungia. Hili sikufanyii mzaha.

Na bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao. Miaka ya nyuma nilinunua kabati la nguo kwa mtu aliyekuwa anahama, zuri, bei ya kutupa. Wiki ya pili nikaanza kusikia usiku krr, krr, kama mtu anasaga jino. Asubuhi viatu vyangu vyeusi vimepakwa unga mwembamba, mweupe kama wa muhogo. Nikafuta. Kesho yake tena. Nilipobonyeza ubao wa nyuma kwa kidole gumba, kidole kiliingia hadi kwenye kifundo. Kabla ya kulichoma lile kabati walikuwa wameshahamia kwenye fremu ya mlango wangu. Kwa hiyo mwambie muuzaji aliweke sanduku juu ya gazeti kwa siku saba, umtumie mtu akaangalie. Matundu ya zamani meusi hayana neno. Unga mpya juu ya gazeti ni wenyeji wangali nyumbani. Msaji na mpingo wenyewe hawaupendi sana, ila mbao za nyuma na za chini mara nyingi ni za bei rahisi, na ndiko wanakoanzia.

Hapo ndipo nakubaliana na mama mkwe wako. Kitanda cha kale unalala hujui unalala na nani, kweli, na aghalabu jina lake ni kunguni. Hukaa kwenye maungio na kwenye kamba au ukindu uliowambiwa kitanda. Lakini usimjibu hivyo yeye. Mzee ukimwambia maneno yake ni ushirikina, umepoteza kitanda na mkwe. Sanduku likifika mwite aje alione, afukize udi wake, asome dua yake, apewe chai. Akishalifukizia mwenyewe litakuwa sanduku lake, na atawasimulia wengine.

Baba watoto naye tumpe haki yake. Kitanda kiwe cha sita kwa sita, ila si cha kichwa cha sponji, ambacho kwa joto letu baada ya mwaka kinabanduka ngozi na kunuka jasho la vichwa vyenu. Nendeni wote wawili Keko, mkatengenezewe cha mninga, kifupi, chaga nene, kitakizo cha miguuni kiwe chini. Mwambie fundi akuchongee matendegu ya duara kama uliyoyaona Unguja. Kochi la kona silipendi kwa ghorofa ya tatu isiyo na lifti, lakini hilo atalijua siku ya kulipandisha.

Sasa Tanga. Umeiandika mwishoni kama mtu anayeomba radhi, na mimi ndiyo iliyoniamsha. Kwa wafanyabiashara wengi duniani kitu huitwa cha kale kikifika miaka 100. Cha babu yako pengine hakijafika, ni cha zamani tu, na kwa nyumba yako hicho ndicho bora. Babu alifanya kazi wapi? Kama alikuwa reli, bandarini au kwenye mashamba ya mkonge, huenda meza hiyo ni ya ofisi, mvule au mninga mtupu, droo tatu upande mmoja, imetengenezwa kwa vipimo vya vyumba vya kawaida vya watu wanaofanya kazi. Meza kama hiyo inakuwa ya kulia chakula, ya mkubwa wako kuandikia kazi za shule, na ya kukatia mboga. Jiko lenu nalo lina kabati la vyombo?

Lakini usitume gari kesho. Mwambie binamu yako akupigie picha nne: chini ya meza, nyuma ya kabati, ndani ya droo pale pembeni, na miguu. Miguu hasa, kwa sababu stoo ya Tanga ina unyevu na mchwa huanzia chini. Kinyesi cha kuku kinasafishika, mguu uliolika unaungwa na fundi kwa ubao wa aina ileile. Ikiwa kabati limepakwa rangi inayobanduka, lisipigwe msasa mkavu nyumbani, kwani rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi na watoto wako ni wadogo. Lifanyiwe kazi huko huko karakana, tena kwa maji. Likishafika Upanga, liwe mbali na kiyoyozi. Mbao iliyozoea hewa ya bahari ikipulizwa baridi kavu usiku kucha inapasuka, utaisikia.

Na wajomba. Kitu kinacholaliwa na kuku hakina mwenyewe mpaka siku mtu wa Dar akiulizie. Siku hiyo kila mmoja atakumbuka babu alimwahidi yeye. Kwa hiyo nenda mwenyewe, na zawadi, na mama yako awe mbele. Usiseme "samani za kale". Sema unahitaji meza ya watoto kusomea, na kwamba utawaletea meza mpya ya plastiki na banda la kuku.

Laki mbili: usizidai. Mpigie muuzaji, mwambie kwa upole kwamba kitanda hakiingii, viti huvimudu, na laki mbili zihesabiwe kwenye sanduku. Bei ya 900,000 ina nafasi ya kushuka, hasa mtu akishaambiwa kuhusu gazeti. Akikataa katakata, hiyo laki mbili ni ndogo kuliko 2,600,000. Akikubali, panda boti ukalilete mwenyewe, na kabla hujaondoka pima upana wa ngazi zenu pale zinapokata kona ghorofa ya pili. Kitanda cha zamani hufumuliwa kikabebwa vipande vipande. Sanduku halifumuliwi.

Shangazi